Kipimo cha ngozi cha kifua kikuu: kazi nzuri, taarifa iliyochelewa

Babu yake mwanangu, tunayeishi naye nyumba moja huko Nansio, kisiwani Ukerewe, aligundulika na kifua kikuu, nasi tukashauriwa kumpima mtoto, mwenye miaka 4, katika kliniki moja ya watoto jijini Mwanza. Daktari aliagiza kipimo cha Mantoux.

Muuguzi aliyekifanya anastahili sifa kubwa. Alidunga upande wa ndani wa kigasha, akaingiza mililita 0.1 ndani ya ngozi yenyewe, wala si chini yake, mpaka kikainuka kilengelenge cheupe. Nilipouliza kama mtoto anachomwa ugonjwa, alinieleza kwa utulivu kwamba dawa ile haina bakteria hai, bali protini zilizosafishwa kutoka kwao. Mwili uliokwisha kukutana na bakteria hao huwa na seli T zinazozikumbuka protini zao, na seli hizo zikizitambua tena hutoa kemikali za kuwaita askari wengine wa kinga mahali palipodungwa. Kukusanyika huko huchukua siku 2 hadi 3, ndiyo maana ngozi haivimbi papo hapo kama iliyoumwa na nyuki. "Mama, usimwache ajikune," alinisisitizia.

Lawama yangu ni kwa mapokezi. Hakuna aliyetuambia kabla ya kulipa kwamba majibu husomwa kati ya saa 48 na 72. Sisi tuliovuka ziwa na nauli ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo tulilazimika kuomba hifadhi kwa shangazi yangu Igoma, na asiye na ndugu mjini angefanyaje?

Tuliporudi, muuguzi aliupapasa uvimbe, akauwekea alama kwa kalamu na kuupima kwa rula. Wekundu ulioenea pembeni hakuuhesabu. Uvimbe wenyewe ulikuwa milimita 12. Daktari hakukimbilia kusema mtoto anaumwa, kwani BCG, chanjo ya kifua kikuu, nayo huweza kuifanya ngozi ivimbe, na kipimo hiki hakitofautishi bakteria waliolala na ugonjwa wenyewe. Aliuliza kuhusu kikohozi, homa na uzito, akaagiza picha ya kifua, na alipojiridhisha kwamba hakuna ugonjwa alimwanzishia dawa za kinga, akisema mtoto wa umri huu anayeishi na mgonjwa huzihitaji hata kama ngozi isingevimba.

Kliniki hiyo ningeirudia. Anayetoka visiwani ajiandae kulala Mwanza usiku 2.