Uzoefu wangu: fundi aliyelirudisha Mustang la baba

Baba alipiga gitaa la rithimu kwenye bendi ya dansi hapa Dar es Salaam, na gitaa lake lilikuwa Fender Mustang jekundu. Lilipofika mikononi mwangu lilikuwa jeusi. Kuna mtu alilipulizia rangi ya magari, pikapu ya nyuma (kifaa cha sumaku kinachonasa mtetemo wa nyuzi) ilikuwa bubu, na nobu ya volyumu ilikwaruza kila ukiigusa. Nilitaka lirudi kama lilivyotoka kiwandani. Kazi yote imenigharimu shilingi 650,000.

Fundi hakuanza na rangi. Alifungua bamba la chuma lenye nobu akanionyesha namba iliyogongwa chini ya volyumu: 1376612. Tarakimu 137 ni za CTS, watengenezaji wa kipande hicho cha volyumu, 66 ni mwaka 1966, na 12 ni wiki ya 12. Kisha akaitoa shingo, na muhuri wa mwezi na mwaka kwenye kisigino chake, pale inapoungana na mwili wa gitaa, ukakubaliana na namba ile. Hapo nikamwamini, maana asiyejua umri wa gitaa atajuaje kipi ni chake na kipi kimepachikwa?

Umri ndio ulioamua pia namna ya kuitoa rangi nyeusi. Mwaka 1966 Fender walikuwa bado wanapaka laka ya nitro, rangi ya zamani iliyo laini. Polista, rangi ya plastiki iliyo ngumu zaidi, ilikuja mwishoni mwa miaka ya 1960. Nitro huyeyuka kwa thina, kwa hiyo ukimwagia thina unaondoa nyeusi na nyekundu kwa pamoja. Yeye alikwangua kwa wembe, kidogo kidogo, akamalizia kwa msasa laini wa maji. Wekundu ukatokea, umefifia, na pale mkono wa baba ulipokuwa ukiegemea mbao iko wazi kabisa. Niliomba apake upya. Alikataa, akasema rangi ya zamani hata ikichakaa ndiyo ya asili. Siku ile nilikasirika. Leo naona alikuwa sahihi kabisa.

Pikapu bubu ilikuwa imekatika waya ndani. Aliisuka upya kwa waya wa geji 42, mwembamba kama unywele, akaziacha sumaku zilezile, na akaipima ukinzani wa umeme hadi ikakaribia ile ya mbele, karibu kilo-omu 6. Sasa swichi zote mbili, moja kwa kila pikapu, zinafanya kazi. Ukizielekeza upande mmoja sauti inajaa; ukizipishanisha inakuwa nyembamba, kali, inayopenya katikati ya besi na tarumbeta. Mpiga rithimu anajua thamani ya sauti hiyo.

Malalamiko ninayo mawili. Aliniahidi wiki tatu, nikasubiri kumi, na mara nyingi ni mimi niliyempigia simu. La pili linaniuma zaidi: swichi moja ya asili aliibadilisha bila kuniuliza, na nadhani ingetosha kuisafisha. Angalau nilikuwa nimemwambia tangu mwanzo kwamba kila kitakachotolewa nikabidhiwe, hivyo swichi ya zamani ninayo kwenye bahasha pamoja na skrubu zake.

Baba alilishika jioni ile tulipolileta nyumbani. Hakusema kitu, alipitisha kidole pale mbao ilipo wazi, akaanza kutyuni. Kilichobaki ni mkono wa tremolo, ule wa kutikisia sauti ya nyuzi, ambao ulipotea zamani. Nautafuta wa mwaka uleule, na nikiupata nitampelekea fundi huyuhuyu aufunge.