Miaka minne ya uhandisi ujenzi: uzoefu wangu

Mdogo wangu anataka kusoma uhandisi ujenzi na ameshaniuliza mara tatu: inafaa au haifai? Nimeshindwa kumjibu kwa neno moja, kwa hiyo naandika hapa nilivyoiona shahada hii tangu siku ya kwanza hadi nilipokabidhi mradi wa mwisho. Ningeisoma tena, hilo sina shaka nalo. Ila kuna sehemu nilifundishwa vibaya, na kuna mambo ningependa mtu aniambie kabla sijajaza fomu.

Mwaka wa kwanza hutaona jengo. Ni kalkulasi, fizikia, uchoraji na statiki, yaani hesabu za nguvu kwenye vitu vilivyotulia, na wenzangu wengi waliokuja na picha za madaraja kichwani walikata tamaa hapo. Mimi nilishikiliwa na mhadhiri wa statiki. Mama yule hakupokea jibu lisilo na mchoro, hata kama namba zote zilikuwa sahihi. Kitu unakitenga na vingine vyote, unachora kila kinachokisukuma na kila kinachokivuta, ndipo unagusa kikokotoo. Akipita nyuma yako alikuwa na swali moja: "Mzigo unakwenda wapi?" Ukisema kwenye boriti, anauliza ukitoka hapo. Nguzo. Ukitoka hapo? Msingi. Hakuachi mpaka umfikishe kwenye udongo.

Mwaka wa pili nililiacha swali hilo na nikaanguka. Mitihani ya nadharia ya miundo ilifanana mwaka hadi mwaka, nikakariri majibu ya nyuma. Nilijua kwamba boriti iliyoegemea ncha mbili na kubeba mzigo uliotandazwa sawasawa ina momenti, yaani nguvu ya kuikunja, ya wL²/8 katikati, w ikiwa mzigo wa kila mita na L urefu. Mtihani ukaja na ncha moja imefungwa imara, sikuwa na pa kuanzia. Niliandika wL²/8 hivyohivyo, na likizo ile nikaitumia kujiandaa kurudia mtihani. Safari hii nilichora. Na kwenye fomula ileile niliyoikariri nikaona kitu: urefu umepigwa mraba. Boriti ukiirefusha mara mbili, mzigo wa kila mita ukiwa uleule, momenti inakuwa mara 4, na kule kulegea katikati kunakuwa mara 16. Tangu siku hiyo siingii ukumbi mpana bila kutazama dari.

Maabara ya zege ndiyo iliyonipa zaidi. Unajaza koni ya chuma yenye kimo cha milimita 300, matabaka matatu, kila tabaka unalishindilia mara 25 kwa fimbo, kisha unainua koni taratibu na kupima zege limeshuka kiasi gani. Kundi letu lilikuta zege gumu, halichoteki vizuri. Mmoja akaongeza maji kidogo, mwingine akaongeza tena, na mimi nilikuwepo na sikusema kitu. Likawa laini, zuri kwa macho. Tukajaza michemraba ya milimita 150, kesho yake tukaitoa kwenye vyombo na kuitumbukiza majini.

Siku ya 28 tuliipeleka kwenye mashine. Tulikuwa tunatafuta nyutoni 25 kwa kila milimita ya mraba. Kwa mchemraba wa ukubwa ule ni kubeba uzito wa tani kama 57 kabla ya kuvunjika. Wa kundi la jirani ulifika na kupita kidogo. Pande zake nne zikabanduka, katikati pakabaki piramidi mbili zilizokutana vichwa, kama inavyotakiwa. Wetu uliishia 16. Kwa nje ilikuwa na rangi moja na wa jirani, uso ule ule, huwezi kuitofautisha kwa jicho. Maji yasiyotumiwa na saruji huondoka na kuacha vitundu, na vitundu havibebi mzigo. Nilikuwa nimeyasoma hayo darasani na kuyajibu kwenye mtihani nikapata alama zote. Nilipoishika ile mikononi imepasuka ndipo nilipoogopa, kwa sababu ingekuwa nguzo ya nyumba ya mtu, nani angejua?

Somo la udongo sikulipenda mwanzoni. Unaviringisha udongo wa mfinyanzi kwenye kioo kwa kiganja mpaka uwe uzi wa milimita 3, na unatafuta unyevu ambao uzi huo huanza kukatika ukifika unene huo. Mikono inachafuka, na matokeo ya watu wawili hayalingani. Lakini tulipofika kwenye mnara wa Pisa, kila kitu kilikaa mahali pake. Ulianza kujengwa mwaka 1173, ukaanza kuinama kabla haujakamilika, na kazi ikasimama miaka mingi. Kusimama huko ndiko kulikouokoa: uzito uliokwisha kuwekwa ulipata muda wa kukamua maji kwenye udongo laini wa chini, udongo ukakaza. Wangeujenga mfululizo, inaaminika ungeanguka.

Upimaji wa ardhi nitaupitia haraka. Unajifunza uaminifu huko. Tulizunguka na levo, chombo cha kupimia tofauti za kimo, siku nzima, tukarudi kwenye alama tuliyoanzia na tofauti ya milimita 14, tukaambiwa turudie yote. Mguu mmoja wa stendi ulikuwa umezama kwenye udongo laini.

Sasa malalamiko. La kwanza ni programu za kompyuta. Mwaka wa tatu tulipewa programu ya kuchambua miundo na wiki mbili za kuizoea, na kuanzia hapo kazi zote zikawa picha za rangi. Katika mradi wa kundi, mwenzetu aliweka egemeo (mahali boriti inaposhikwa) lililofungwa imara mahali palipotakiwa egemeo linaloweza kuzunguka. Programu haikulalamika. Ilitoa namba zenye desimali nne, na mtu aliyesahihisha hakuona. Tuligundua wenyewe baada ya alama kutoka, nilipojaribu kuhakiki kwa mkono. Mwanafunzi asingepaswa kuruhusiwa kuwasilisha jibu la kompyuta bila ukurasa mmoja wa hesabu za mkono pembeni.

La pili ni mafunzo kwa vitendo. Kampuni niliyopangiwa ilinipa kazi ya kutoa nakala za karatasi kwa wiki tano kati ya nane. Chuo hakikuja kuangalia. Nilipoomba mwenyewe nishushwe saiti, nilikabidhiwa kwa fundi nondo, mzee mpole, na wiki tatu zile naziweka juu ya muhula mzima wa darasani. Walikuwa wanasuka nondo za kibaraza kinachotokeza nje bila nguzo. Nondo kuu zilikuwa juu. Mzee akaniuliza kwa nini. Nikachora kwenye kipande cha mbao: kibaraza kinataka kuinama chini, kwa hiyo upande wa juu unavutwa, na zege ni dhaifu sana likivutwa. Akatikisa kichwa kukubali, kisha akanionyesha vijana waliokuwa wakipita na mikokoteni juu ya nondo zilezile. Kila hatua ilizishusha kidogo. "Zikilala chini, kibaraza hiki hakina nondo," alisema. Akawasimamisha, akaweka mbao za kupitia, akaziinua upya moja moja kabla ya kumwaga zege. Kwenye mchoro nondo hazikanyagwi na mtu.

Hapo ndipo nilipolielewa vizuri tukio la Kansas City, Marekani, tulilosomeshwa mwaka wa mwisho. Julai 17, 1981, njia mbili za kupitia watu zilizoning'inia ndani ya hoteli, moja juu ya nyingine, zilianguka na watu 114 wakafa. Usanifu wa awali ulikuwa na fimbo ndefu kutoka darini, kila njia ikishikwa na nati yake kwenye fimbo hiyo. Ili kurahisisha kazi, fimbo ikagawanywa mbili, ya chini ikaning'inizwa kwenye boriti ya njia ya juu. Ukitazama haraka ni kitu kilekile. Ila sasa nati ya njia ya juu inabeba njia zote mbili, mzigo umekuwa maradufu. Mtu mmoja angeuliza mzigo unakwenda wapi, angeona kwa dakika tano.

Kwa hiyo mdogo wangu nimemwambia asome, lakini kwanza aende chuo anachokitaka na kuomba aonyeshwe maabara ya zege. Aangalie kama mashine ya kuvunjia inafanya kazi, na kama ndani ya tangi la maji kuna michemraba yenye tarehe za wiki hii.