Uzoefu wangu na mashine ya kufungua bahasha za malipo, Mtwara

Ofisi yetu iko Mtwara mjini, na kazi yake ni kuhakiki hati za malipo kwa niaba ya wateja ambao wengi wao wako kwenye biashara ya korosho: vyama vya msingi vya ushirika wa wakulima, wenye maghala na wasafirishaji. Tangu minada ya korosho ihamie kwenye mfumo wa kidijitali wa TMX, yaani Soko la Bidhaa Tanzania, wapo wanaodhani kwamba makaratasi yamekwisha. Sisi tunaoyapokea tunajua kwamba stakabadhi za mizani, hati za kupokelea mzigo ghalani, ankara za usafiri na hundi za hapa na pale bado zinashuka kwa basi kutoka Newala, Tandahimba na Masasi, zikiwa ndani ya bahasha za kaki zilizobandikwa gundi na kuongezewa pini mbili za stepla, kana kwamba aliyefunga hakuiamini gundi peke yake. Msimu ukipamba moto, tunapokea bahasha zipatazo 400 kwa siku.

Msimu wa mwaka juzi tulifungua zote kwa mkono, na tulichelewesha malipo kiasi cha wateja wawili kutuandikia barua. Ndipo nikaagizwa kutafuta mashine. Naandika haya kwa ajili ya mhasibu au karani mwingine atakayepewa kazi kama hiyo, kwa sababu mimi nilianza nikiwa nimeshika swali lisilofaa: nilikuwa nauliza kila muuzaji mashine yake inafungua bahasha ngapi kwa saa.

Kabla ya kusafiri kwenda Dar es Salaam kuziona mashine, nilikaa na saa mezani nikapima kazi yetu wenyewe. Bahasha 100 zilituchukua dakika 41 kwa mkono, na katika hizo dakika 41, kukata ukingo wa bahasha hakukuzidi dakika tisa. Muda uliobaki ulikwenda kwenye kutoa karatasi, kuikunjua, kuigeuza isomeke, kutenganisha nakala zilizoshikana, kung'oa pini na kuchungulia ndani kuhakikisha hakuna kilichosalia. Kwa hiyo mashine ndogo ya kuweka mezani, ile ambayo kazi yake ni kukata ukingo tu, hata ingekata bahasha mia kwa dakika moja, ingetuokolea dakika nane kati ya 41. Nilipoijaribu dukani nilipata karibu matokeo hayo hayo. Mashine yenyewe haina ubaya, ila ofisi iliyohitaji mashine ya namna ile haikuwa yetu.

Mashine tuliyoishia kununua ni ya nusu otomatiki, ya aina ambayo karani hukaa mbele yake kama fundi cherehani. Bahasha huingia kwa mkanda, visu huikata upande mmoja hadi mitatu kadiri ulivyochagua, kisha vikombe vya raba vya kunyonya hewa hushika kuta mbili za bahasha na kuzivuta pande mbili ili iwe wazi mbele ya mkono. Karani anatoa karatasi, na bahasha inaendelea kwenye kihisi cha unene kinachopima kama bado kuna kitu ndani. Kikihisi kitu, mkanda unasimama. Meza za namna hii zilikulia Marekani, ambako kampuni kama OPEX ya New Jersey inazitengeneza kwa ajili ya malipo yanayotumwa kwa posta, na ni vizuri kukumbuka asili hiyo unapochagua: kule bahasha ya malipo kwa kawaida hubeba hundi moja na kipande cha ankara, katika bahasha za ukubwa mmoja zilizochapishwa na mdai mwenyewe. Bahasha inayotoka kwenye chama cha msingi inaweza kubeba karatasi moja au karatasi 30, na mara moja ilibeba ufunguo wa ghala.

Kwa sababu hiyo nilibeba boksi la bahasha zetu wenyewe, na nawasihi wengine wafanye hivyo. Muuzaji wa kwanza alikuwa ameandaa bahasha nyeupe mpya za DL, yaani milimita 110 kwa 220, kila moja ikiwa na karatasi moja ya A4 iliyokunjwa mara mbili. Mashine ilizifungua kwa namna ya kupendeza kabisa. Nilipompa za kwetu, za ukubwa wa C5 (ya A4 iliyokunjwa mara moja) na C4 (ya A4 isiyokunjwa) zikiwa zimechanganyika, ya nne ikakwama kwenye mkanda na ya saba ikapitisha pini chini ya kisu kwa mlio ambao sote tuliokuwa pale tuliusikia hadi kwenye meno. Akaniambia, kwa upole, kwamba tuwaelekeze wateja wetu waache kutumia stepla. Tumewaelekeza. Wengine wameacha. Wengine wameongeza pini ya tatu. Muuzaji wa pili alikubali tuchague bahasha kwa ukubwa kabla ya kuziingiza na tung'oe pini kwanza, akatuacha na mashine kwa saa mbili bila kutusimamia. Bahasha 100 zilitoka kwa dakika 17, pamoja na kung'oa pini. Kwake ndiko tulikonunua.

Kuhusu kisu, ziko namna mbili, na tofauti yake si ndogo. Ya kwanza hukata utepe mwembamba wa ukingo, kwa hiyo chochote kilichoegemea ukingoni hukatwa pia. Ya pili husaga ukingo kwa gurudumu lenye meno, inaondoa karatasi kidogo zaidi na kuacha ukingo laini usiochana vidole, lakini inatoa vumbi la karatasi jingi ambalo lazima lifyonzwe au lipanguswe kila jioni. Tulichagua ya kusaga. Hata hivyo bado tunazigonga bahasha mezani kwanza ili karatasi zishuke upande usiokatwa, kwa kuwa siku moja karani kijana aliruka hatua hiyo, na hundi ya mteja ikatoka imepungua ukingo wa chini, mahali palipochapishwa namba za wino wa sumaku ambazo benki husoma kwa mashine. Ilibidi tumwombe mteja aandike hundi nyingine, na tukampigia simu ya aina ambayo hakuna anayegombea kuipiga.

Kihisi cha unene ndicho kilichonifanya nikubali bei, ambayo ilikaribia bei ya gari dogo lililotumika, na ndicho kilichonifundisha zaidi. Karatasi ya kawaida ya gramu 80 ina unene wa takriban milimita 0.1, lakini nakala ya tatu ya stakabadhi zetu ni karatasi laini, nyembamba kuliko hiyo, wakati kuta za kaki hutofautiana unene kati ya bahasha na bahasha, na pale zilipobandikwa tabaka huongezeka. Ukikaza kipimo, mashine inasimama kwa kila bahasha tupu. Ukikilegeza, nakala nyembamba inapita. Juu ya hapo kuna unyevu wetu wa pwani, unaolainisha gundi hadi karatasi inaganda kwenye ukuta wa ndani.

Wiki ya pili ya matumizi, karani wetu mkongwe, ambaye sote tunamwita Bibi, alikuwa akipita karibu na boksi la bahasha tupu. Akachukua moja, akaiinua kuelekea dirishani, akaishikilia hapo kidogo.

"Mwanangu," akaniambia, "hii bado ina mtu ndani."

Ndani ilikuwamo stakabadhi ya mizani ya mkulima mmoja, imeshikana na gundi ya mfuniko. Tangu siku hiyo tumeweka sanduku la kioo lenye taa chini yake kando ya mashine, kila bahasha tupu inapita juu ya taa, na hakuna bahasha inayotupwa kabla ya siku 14. Dakika tatu zaidi kwa kila bahasha 100, na sizihesabu kuwa hasara.

Umeme nautaja kwa ufupi. Tulipewa pia mashine iliyotumika kutoka Marekani kwa nusu ya bei, ya volti 110 na hezi 60. Transfoma ingepunguza volti zetu 230, lakini haibadilishi hezi 50 kuwa 60, na mota ya aina nyingi itazunguka polepole kuliko ilivyokusudiwa, visu na mkanda vikipoteza ulinganifu. Tuliiacha. Ya kwetu ni ya volti 230 na tumeiwekea stabilaiza.

Malalamiko yangu makubwa ni vikombe vya raba. Kaki yenye nyuzi nyuzi hupitisha hewa, kwa hiyo vinashika kwa shida tangu vikiwa vipya, na baada ya miezi mitano ya joto letu vilikuwa vimekakamaa na kupasuka. Seti mpya ilichukua wiki sita kufika, katikati ya Desemba, na kwa wiki hizo tulikuwa na meza ghali ya kukatia ukingo. Nilipaswa kuuliza bei na muda wa vipuri hivyo kabla ya kuuliza jambo lolote jingine, na kununua seti tatu siku ile ile.

Kuanzia Machi bahasha hushuka hadi 40 kwa siku. Tunaifunika mashine kwa shuka ili vumbi na chumvi ya baharini visiingie, na Bibi anazifungua kwa kisu chake cha mpini wa mpingo kabla ya chai ya saa nne.