Uzoefu wangu wa kusoma The Calculus Affair: adui mwenye ofisi, muhuri na sare

Nakala yangu niliiagiza kwa muuza vitabu vya mitumba wa Mombasa, ikanifikia Malindi kwa basi ikiwa imefungwa kwa gazeti, na pembe moja ya jalada imekunjika ingawa tulielewana kwamba ni safi. Hilo nimeshamwambia mwenyewe, kwa hiyo hapa nitaizungumzia kazi iliyomo ndani. The Calculus Affair ni hadithi ya katuni ya Mbelgiji Hergé, mojawapo ya vitabu vyake vya Tintin, kijana mwandishi wa habari, na ilitoka kama kitabu kwa Kifaransa mwaka 1956. Ina kurasa 62 za rangi, na karatasi zake ni pana kiasi cha watu wawili kuweza kusoma pamoja barazani bila kusukumana, jambo ambalo mimi na mtoto wa kaka yangu tulilihitaji.

Hadithi inaanza kwa mvua ya radi na vioo vinavyopasuka vyenyewe nyumbani kwa Kapteni Haddock, rafiki yake Tintin: madirisha, glasi mkononi, kioo cha ukutani. Chanzo chake ni Profesa Calculus, mzee mgumu wa kusikia, ambaye amebuni chombo kinachotumia mawimbi ya sauti yasiyosikika na sikio la binadamu. Profesa anakwenda Geneva kwenye mkutano wa wanasayansi, anatekwa, na Tintin na Kapteni wanamfuata. Sitaeleza kila hatua, kwa kuwa raha ya kitabu iko katika mbio hizo, ila nitasema kwamba mataifa mawili ya kubuni, Borduria na Syldavia, yananyang'anyana yule mzee kama watoto wanaogombania kishada, na kwamba Syldavia, ambayo katika vitabu vya awali ilikuwa upande wa Tintin, hapa haina usafi wowote kuizidi jirani yake.

Kilichonifanya nikithamini kitabu hiki ni adui wake. Nimesoma katuni nyingi ambazo mwizi wa sayansi ni mwendawazimu anayecheka peke yake katika pango lenye mitambo. Kanali Sponsz si mtu wa namna hiyo. Ni mkuu wa polisi wa siri wa Borduria, mtanashati, mwenye adabu mbele ya wageni, anayehudhuria opera na kumtembelea mwimbaji chumbani mwake baada ya onyesho. Anachokitaka kwa Profesa, mbali na michoro ya chombo chake, ni saini: mzee atie sahihi mbele ya wajumbe wa Msalaba Mwekundu kwamba alikuja kwa hiari yake na kwa hiari yake akaitoa sayansi yake. Yaani wizi ule unatafutiwa hati. Mtoto aliniuliza, "Ami, kwani wameshamfunga, saini ya nini tena?" nikamjibu kwamba asubiri akue, aanze kufuatilia cheti cha ardhi.

Kuna ukurasa mmoja ambao nimeurudia mara nyingi. Maofisa wa jeshi wamekaa kwenye ukumbi wakitazama mji wenye majumba marefu ukibomoka mbele ya macho yao. Kisha wanaambiwa ukweli: mji ule ni mfano mdogo wa kaure, maana silaha kwa sasa inavunja vioo na vyombo vya kaure tu, na kwamba kubomoa chuma na saruji kutawezekana michoro ya Profesa ikishapatikana. Hapo Hergé ameonyesha kwa picha chache namna sayansi ya wizi inavyouzwa. Maofisa wanaahidiwa ushindi kabla ya chombo chenyewe kukamilika, na hakuna hata mmoja anayeinua mkono kuuliza swali.

Kwa kuwa ninafundisha fizikia, nilikipima kitabu pia kwa upande huo. Glasi huweza kupasuka kwa sauti ikiwa sauti hiyo ni kali na kasi ya mitetemo yake inalingana na mtetemo wa asili wa glasi yenyewe. Wanafunzi wangu hulielewa haraka. Tatizo ni kwamba mawimbi ya sauti ya kasi kubwa hunyonywa upesi na hewa, hivyo kuvunja madirisha kutoka mbali kwa njia hiyo ni ndoto. Sikumlaumu mwandishi, kwa sababu ameanzia kwenye jambo la kweli, kisha akalivuta mpaka hadithi ikapata mguu wa kusimamia.

Mahali pengine, Tintin na Kapteni wanapozungumza na Profesa Topolino mjini Nyon, kinaonekana kitabu kuhusu utafiti wa Wajerumani katika Vita vya Pili vya Dunia, chenye picha ya roketi ya V-2. Kitabu hicho kipo kweli. Kiliandikwa na Mmarekani Leslie E. Simon na kuchapishwa mwaka 1947. Wakati huo Mjerumani Wernher von Braun, aliyeongoza utengenezaji wa V-2, alikuwa tayari amechukuliwa Marekani, ambako baadaye aliongoza uundaji wa roketi iliyowapeleka watu mwezini mwaka 1969. Hadithi ya mwanasayansi kugeuzwa nyara ya vita, basi, haikuwa ya kubuni tu. Na kwetu sisi wa huku roketi si habari ya kusimuliwa: tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, setilaiti iliyopewa jina la Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini karibu na Ngomeni, ikachunguze eksirei za angani. Wazee wa Ngomeni wanaisimulia sayansi hiyo ya wageni kwa fahari iliyochanganyika na maswali, na nadhani wangemwelewa Profesa Calculus vizuri.

Vichekesho vimo kwa wingi. Kipande cha plasta kinachomganda Kapteni kinapita kwa abiria wengine na kumrudia mwenyewe, na dereva Mwitaliano aitwaye Cartoffoli anaendesha gari lake kupita katikati ya soko bila kugusa breki. Katika mji wetu wa Malindi, ambako hata muuza madafu anajua Kiitaliano cha kujadiliana bei, ukurasa huo ulichekesha baraza zima. Aliyenichosha ni Jolyon Wagg, muuza bima asiyejua kuondoka. Mwisho nao umeharakishwa: baada ya kutoroka kwa kifaru, suala la michoro linamalizwa kwa kurasa chache mno, na Sponsz hatumwoni akiwajibika kwa lolote.

Kwa mtoto wa miaka kumi na kuendelea anayesoma Kiingereza bila shida, ningekinunua tena. Aliye mdogo zaidi atafurahia picha, lakini ukurasa wa mji wa kaure itabidi mtu mzima akae naye amweleze.