Harvey Birdman: mabawa ya nini mahakamani?

Kazi yangu ni uwakili, maradhi yangu ni gemu. Kwa miezi kadhaa sasa mimi na mdogo wangu, ambaye ndiye anayeandika programu, tunasanifu gemu ya shujaa mwenye nguvu za ajabu ambaye mchana ni wakili. Tumekwama. Upande wa ngumi unakwenda, upande wa mahakama unakwenda, ila pande hizo mbili hazisalimiani. Nilipokumbushwa kwamba kuna watu walishalifanyia kazi wazo hilo zamani, nikaitafuta Harvey Birdman: Attorney at Law ya PSP, kile kifaa cha mkononi cha kuchezea gemu, nikajifungia nayo Jumamosi na Jumapili.

Kwa asiyemjua, Birdman ni shujaa wa katuni ya Hanna-Barbera ya mwaka 1967, mwenye mabawa na anayepata nguvu zake kutoka kwenye jua. Miaka mingi baadaye Adult Swim, watu wa katuni za watu wazima kwenye televisheni, wakamvalisha suti na kumpa ofisi ya uwakili, barakoa usoni na mabawa mgongoni vilevile, akawa anawatetea wahusika wa katuni za kale. Gemu yake ilitoka mwaka 2008 kwa PS2, PSP na Wii. Waliotengeneza ni High Voltage Software, Capcom wakaisambaza. Ina kesi tano tu.

Capcom ndio wenye Ace Attorney, mfululizo wa gemu za mawakili ulioanza Japani mwaka 2001 kwenye kifaa cha Game Boy Advance, na ukishaicheza hiyo hapa hupotei. Unazunguka, unaongea na watu, unaokota vitu. Mahakamani shahidi anatoa maelezo yake sentensi moja moja, nawe unambana kwenye sentensi au unamtolea kielelezo kinachompinga. Ukikosea, nafasi zako zinapungua.

Inachekesha, hilo siwezi kuwanyima. Nilifika mahali nikawa nakosea kwa makusudi ili nisikie tu watakavyonijibu. Mimi niliyefundishwa kwamba kwenye maswali ya dodoso, yale ya kumbana shahidi wa upande wa pili, huulizi swali ambalo jibu lake hulijui, nikawa namtolea shahidi kielelezo kisichohusiana na chochote, kisha nasubiri nicheke. Adhabu ambayo mchezaji anaitamani ni usanifu wa akili. Tukaliandika kwenye daftari letu na kulipigia mstari mara mbili.

Kwenye kesi ya pili mdogo wangu akaja kuniegemea begani. Akatazama kioo kwa muda, kisha akauliza, "Dada, huyu mabawa anayatumia lini?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeshazoea kuyaona, kama unavyozoea picha ya ukutani. Katika kile ninachokifanya mimi kwa vidole vyangu, Harvey angeweza kuwa wakili yeyote mwenye suti safi. Nguvu zake ni mzaha wa hadithi, hazifiki kwenye vitufe. Na tazama walichokuwa nacho mkononi! Shujaa anayeishi kwa jua, kazi yake ni ya kukaa ndani siku nzima, chini ya paa. Hapo tu pana gemu nzima: dirisha moja lenye pazia, mwanga wa alasiri unaosogea taratibu kuelekea kwenye meza ya utetezi, na wakili anayevuta muda kwa pingamizi la kijinga mpaka mwanga umfikie. Kwenye katuni kuna hata jaji, Mentok, anayesoma mawazo ya watu. Nimewahi kusimama mbele ya majaji walionitazama kama wanayasoma yangu. Ningelipa kuona hilo linageuzwa kuwa fumbo la kuchezwa.

Gemu ya Daredevil ya mwaka 2003, ya Game Boy Advance, iliugua ugonjwa wa upande wa pili. Matt Murdock, ndiye Daredevil mwenyewe akivua barakoa, ni wakili tangu alipozaliwa kwenye vibonzo vya Marvel mwaka 1964, lakini kwenye gemu hiyo ni kuruka na kupiga tu. Diploma yake nadhani aliisahau nyumbani.

Kilichonikwamua kilikuwa kwenye Ace Attorney ya pili, ya mwaka 2002. Humo wakili unayemchezea, Phoenix Wright, anapewa magatama, kijiwe cha kijani kilichopinda. Akiwa nacho, mtu akificha siri, minyororo na makufuli yanatokea mbele ya mtu huyo. Mtengenezaji mvivu angeishia hapo: nguvu imeonyesha muongo, kesi imekwisha. Wao walisimama nusu ya njia. Kijiwe kinakuonyesha kwamba mlango umefungwa na una makufuli mangapi, lakini funguo ni vielelezo ulivyokusanya kwa miguu yako. Ukija mikono mitupu, utayatazama makufuli hayo mpaka uchoke. Nguvu na kazi ya uwakili zinahitajiana, na ndicho nilichokuwa nakitafuta kwa Harvey nikakikosa.

Tukarudi kwenye gemu yetu kwa aibu kidogo. Shujaa wetu anasikia mapigo ya moyo, kama Murdock, na tulikuwa tumeweka alama nyekundu inayowaka kila shahidi anapodanganya. Mdogo wangu alimaliza kesi yetu ya kwanza kwa dakika nne, akibofya kila chekundu, bila kusoma hata sentensi moja ya ushahidi niliouandika kwa wiki tatu. "Kesi yako tamu," akasema, huku hajui mshtakiwa anaitwa nani.

Sasa tumeifuta alama hiyo. Moyo unasikika tu, unakwenda mbio, na shahidi anaweza kuwa anadanganya, au anaogopa, au amempenda karani. Juu ya hapo nimeongeza silaha ya upande wa mashtaka, swali ambalo wakili yeyote analiogopa: "Ulijuaje?" Umekwenda moja kwa moja kwenye droo yenye risiti, katika nyumba ya vyumba tisa. Ulijuaje? Umesikia kupitia ukutani? Basi sema hivyo mbele ya jaji, barakoa ikuvuke. Kama huna njia halali ya kueleza kielelezo kilivyokufikia, kinakataliwa, na mteja wako anarudi mahabusu huku wewe unajua ukweli wote. Kila unapotumia nguvu usiku, asubuhi yake una kazi ya kutafuta njia ya pili, ya kibinadamu, ya kufikia jambo lilelile. Jaribio la juzi lilimchukua mdogo wangu saa moja na nusu, na alinitukana mara mbili. Nimefurahi mno.

Nirudi kwa Harvey. Kesi tano nilizimaliza wikendi hiyohiyo, na mimi si mwepesi. Mafumbo ni rahisi kwa aliyepitia Ace Attorney, na ukishajua muongo ni nani, huna sababu ya kurudi ila vichekesho. Kama huijui katuni, nusu ya utani utakupita pembeni. Anza na katuni. Kama unaijua na kuipenda, utacheka kwa sauti peke yako kama nilivyocheka. Kwa anayesanifu gemu ni somo zuri, hasa kwa kile kilichokosekana. Nyota tatu kati ya tano.

Mdogo wangu amekataa kunirudishia PSP yangu tangu siku hiyo. Kila nikiuliza yuko wapi, yuko kwenye kesi ya kwanza, anakosea.