Mashine ndogo ya CNC na piramidi ya Krismasi inayozunguka: uzoefu wangu

Nimeitumia mashine hii kwa misimu miwili ya Krismasi sasa, na karibu kazi yake yote imekuwa moja: kukata vipande vya mapambo ya mbao yanayozungushwa na mota. Ni rauta ya mezani ya CNC, mashine inayokata mbao kwa kufuata mchoro wa kompyuta, ya zile zinazojulikana kama 3018, yaani eneo la kukatia ni milimita 300 kwa 180, na kichwa kinapanda na kushuka kama milimita 45. Ilikuja ikiwa vipande ndani ya boksi. Kuifunga kulinichukua jioni mbili. Inaendeshwa na Grbl, programu huria iliyoanzishwa na Simen Svale Skogsrud mwaka 2009, na spindo yake, ile mota inayoshika biti ya kukatia, huzunguka kama mara 10,000 kwa dakika.

Nilichotaka kutengeneza ni piramidi ya Krismasi, ile yenye asili ya milima ya Erzgebirge kule Ujerumani. Ni sakafu za duara zilizopangwa ngazi kwa ngazi, juu kuna mapanga kama ya feni, chini kuna mishumaa. Joto la mishumaa hupanda na kusukuma mapanga, na wachungaji, kondoo na mamajusi waliosimama kwenye sakafu huzunguka polepole. Ni kitu kizuri mno kukitazama. Lakini nina watoto, na mishumaa inayowaka chini ya mbao kavu sikuitaka ndani ya nyumba. Nikaamua kazi ya moto ifanywe na mota.

Gia ndizo zilizonifanya niijue mashine hii vizuri. Mchoro wangu wa kwanza ulikuwa na gia kubwa ya meno 48, moduli 3 (moduli ni kipimo cha ukubwa wa meno ya gia). Kwenye skrini ilipendeza. Mashine ikaikata, nikaipachika, ikazunguka robo ikakwama. Nilipiga msasa kila jino, bado ikakwama. Nilikaa nayo siku tatu kabla sijaona kosa: biti niliyoitumia ina kipenyo cha milimita 3.175, ilhali nafasi kati ya jino na jino, kule chini kwenye shina, ilikuwa kama milimita 2.5 tu. Biti haikuweza kufika. Programu ya kupanga njia ya biti haikunionya. Ilikata hadi pale ilipoweza kupita na kuacha mbao iliyobaki. Meno ya gia ndogo yakawa yanagonga mbao hiyo.

Ningeweza kununua biti ya milimita 1.5, lakini biti nyembamba hivyo ndani ya plaiwudi ya milimita 6 huvunjika ukiiharakisha kidogo tu. Nikachagua meno makubwa: moduli 5, gia ndogo yenye meno 12 na kubwa yenye meno 30. Ile kubwa ina kipenyo cha nje cha milimita 160, kwa hiyo inaingia kwenye kitanda cha mashine kwa shida kidogo, lakini inaingia. Kwa hesabu, umbali kati ya vitovu vya gia hizo mbili ni milimita 105. Nilitoboa kwa 105.5. Gia za mbao zikibanwa kwa kipimo kamili hulia na kusagana, na siku za unyevunyevu zinakwama kabisa. Nusu milimita hiyo ilimaliza kelele yote.

Gia zikatwe kwenye plaiwudi, si kwenye ubao mzima. Ubao mzima hutanuka kwa upana wa nyuzi kuliko kwa urefu wake, hivyo gia ya duara hugeuka yai bila wewe kujua, na yale meno yanayokingama na nyuzi hukatika kirahisi. Plaiwudi ina tabaka zinazopishana, na mimi tangu nihamie huko sijapoteza jino hata moja.

Ila plaiwudi nayo ina tabia yake. Ile niliyouziwa kama ya milimita 6 nilipoipima kwa kalipa ilikuwa 5.7. Matundu niliyochora kwa 6 yakalegea, na nguzo za piramidi zikawa zinayumba. Sasa napima kila karatasi ya plaiwudi kabla ya kufungua mchoro. Jambo jingine la matundu: biti ni ya duara, kwa hiyo kila pembe ya ndani inabaki na mviringo wa milimita 1.6 hivi, na ulimi wa mraba, ile ncha ya kipande inayochomekwa tunduni, hauingii mpaka mwisho. Dawa yake ni kuchora kijishimo kidogo kwenye kila pembe ya tundu. Mwanzoni niliviona vijishimo hivyo kama kovu. Siku hizi navificha upande wa ndani.

Nikirudi kwenye mashine yenyewe: kwa plaiwudi ya 6 nakata milimita 1 kwa kila mpito, kwa mwendo wa milimita 600 kwa dakika. Gia kubwa inachukua chini ya robo saa. Nilijaribu kuongeza kina hadi milimita 2, na kichwa kikaanza kutetemeka na kingo zikawa na mistari. Fremu hii si ya kulazimishwa. Matundu ya beringi ndiyo yaliyonionyesha udhaifu wake mwingine. Natumia beringi za 608, zenye kipenyo cha nje cha milimita 22, na mara ya kwanza tundu lilitoka 22 upande mmoja na 21.8 upande mwingine. Nati za skrubu ndefu zinazosogeza kichwa na kitanda zilikuwa zimelegea. Nilizikaza, duara likarudi kuwa duara, na tangu hapo naziangalia kila baada ya kazi kubwa.

Kero iliyoniuma zaidi ni ya waya. Mara nne kompyuta ilipoteza mawasiliano na mashine katikati ya kukata, na mara moja kati ya hizo biti ilibaki imezama ndani ya sakafu ya pili ya piramidi ikizunguka mahali pamoja hadi mbao ikaanza kutoa moshi. Usiiache mashine hii ikifanya kazi peke yake, hata ukienda kunywa maji. Kwangu tatizo liliisha nilipobadilisha waya wa USB kwa mfupi uliokingwa vizuri na kuutenganisha na waya za spindo.

Mota nilianza na ile ya sahani ya maikrowevu iliyokufa. Imeandikwa 5/6, yaani mizunguko 5 kwa dakika kwenye umeme wa hezi 50 na 6 kwenye wa hezi 60. Ni kimya na ina nguvu ya kutosha, lakini haichagui upande: ukiiwasha leo wachungaji wanakwenda mbele, kesho wanarudi kinyumenyume. Tena nyingi za aina hiyo hufungwa moja kwa moja kwenye umeme wa ukutani, na umeme huo siutaki ndani ya pambo linaloguswa na watoto. Nikaweka mota ya volti 12 yenye gia zake ndani, mizunguko 5 kwa dakika, na adapta. Ikipita kwenye meno 12 na 30, piramidi inazunguka mara 2 kwa dakika. Zaidi ya hapo macho hayafaidi chochote. Mamajusi wanaonekana wanakimbia.

Mkono wa mtoto utashika sakafu inayozunguka, hilo hakika. Kwa hiyo gia kubwa sikuigundisha kwenye shafti. Inakaa juu ya kipande cha ngozi na kubanwa na springi ndogo, na sakafu ikishikwa gia inateleza bila kuvunja mota. Chini ya mota nimeweka mpira, kwa sababu sanduku la mbao hukuza mlio kama ngoma.

Vumbi nalo ni la kuchukuliwa kwa uzito. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliweka vumbi la mbao miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu mwaka 1995, na mashine hii inatoa unga laini kwa saa nyingi mfululizo. Mimi huvaa barakoa, na bomba la kufyonza vumbi nimelifunga kando ya spindo.

Ningeinunua tena? Ndiyo, kwa kazi hii. Gia 6 zinazofanana, nyota 24 zinazofanana, kondoo mwenye miguu isiyozidi milimita 4 kwa unene: kwa msumeno wa mkono nisingefika. Lakini anayetaka piramidi yenye sakafu pana zaidi ya milimita 170 akate kwa vipande na kuunganisha, kama nilivyofanya kwa sakafu ya chini, au atafute mashine yenye kitanda kikubwa tangu mwanzo.