Kibanda umiza cha Nkuhungu kilichonifunza kutazama Formula One

Nimeendesha fuso kati ya Dodoma na Singida kwa miaka tisa, kwa hiyo kuovateki nakujua kwa mikono yangu. Lakini kwa muda mrefu sikuelewa inakuwaje dereva wa Formula One mwenye gari lenye kasi amfuate mwenzake mzunguko baada ya mzunguko asimpite. Aliyenielewesha ni mwenye kibanda umiza kimoja pale Nkuhungu, na leo nataka nikisifie kibanda chake kama kinavyostahili.

Kiingilio ni Sh 1,000. Viti vya plastiki, bati bila dari, soda baridi kweli. Mbio nyingi za Ulaya huanza saa kumi jioni kwa saa zetu, na saa hizo ukuta wa magharibi unawaka moto, usikae karibu nao. Umeme ukikatika, jenereta haichelewi.

Mwenyewe tunamwita Fundi, maana asubuhi anatengeneza feni na redio hapohapo mlangoni. Tarehe 26 Mei 2024, siku ya mbio za Monaco, magari kumi ya kwanza yalimaliza kwa mpangilio uleule yaliyoanza nao. Vijana wakaondoka mmoja mmoja. Nikamuuliza, "Fundi, hawa wanaogopa nini?"

Akaleta feni ya mezani, akafunga uzi wa cherehani kwenye kijiti. "Dereva, shika hapa." Uzi ukanyooka kama umevutwa na mtu. Kisha akasimamisha kopo la maziwa kati ya feni na uzi. Papo hapo uzi ukaanza kupiga huku na huku, ukajisokota, ukalegea. Nikarudi nyuma hatua mbili, ukatulia kidogo. Nikasogea tena, ukavurugika.

"Gari lile linabanwa chini na upepo," akasema. "Upepo ukikufikia umeshavurugwa na wa mbele, tairi zinateleza kwenye kona. Ukishaachwa kwenye kona, kwenye mnyoosho utamkuta wapi?" Akaongeza kwamba Monaco ni mitaa myembamba, kule hata sheria nzuri za mabawa, yale mabapa ya mbele na nyuma ya gari yanayoukamata upepo, hazitoshi.

Kwa kopo lile nikazielewa sheria mpya za 2022 za kuunda magari ya Formula One. Hesabu za Formula One wenyewe zilisema gari la kabla ya hapo, likiwa mita 10 nyuma ya jingine, hupoteza asilimia 46 ya nguvu ya kubanwa chini. La 2022 lilitarajiwa kupoteza asilimia 18. Bawa la mbele lilirahisishwa, kazi kubwa ikapelekwa sakafuni, kwenye mifereji inayolinyonya gari kuelekea barabarani, na upepo mchafu ukarushwa juu ya kichwa cha anayefuata. Hilo ndilo suluhisho ninaloliheshimu, kwa sababu linamwacha dereva apite kwa ufundi wake. DRS ya 2011, yaani bawa la nyuma linalofunguka kwenye mnyoosho ili gari liongeze kasi, ilikuja mwaka mmoja baada ya dereva Alonso kukwama nyuma ya mwenzake Petrov kule Abu Dhabi na kukosa ubingwa, na hasira za siku ile nazielewa. Lakini kumfungulia bawa aliye ndani ya sekunde moja, huku wa mbele hana cha kujibu, kulininyima raha ya pambano.

Mainjinia nao hawalali. Kufikia 2025 walishapata njia za kuuvuruga upepo tena, na madereva wakarudi kulalamika. Kwa 2026 DRS imeondolewa: mabawa ya mbele na nyuma yanalala kwenye mnyoosho kwa magari yote, na anayefuata kwa karibu anapata nguvu ya ziada ya umeme. Magari yamepungua upana kwa sentimita 10. Hapo Fundi alitueleza kwa kadibodi, taratibu, akirudia kwa kila aliyechelewa kufika.

Kasoro ninayo moja, na inaniuma. Mechi ya ligi ikigongana na mbio, skrini kubwa inapewa mpira. Jumapili moja tulihamishwa kwenye televisheni ndogo ya kona mizunguko sita kabla ya mwisho, watu kumi na mmoja tukibanana, na wote tulikuwa tumelipa kiingilio kilekile. Nilimwambia, akasikiliza, sasa anatangaza mapema skrini ipi ni ya nani.

Fika saa tisa na nusu. Kopo la maziwa lipo juu ya friji, ukimwomba atakuwekea feni.